Wasia wa Kuku Niliouvunja

Mama,

Wasia wako nimeuvunja. Nalitanguliza hilo kwa sababu kama huko uliko habari zinafika, basi Zubeda mwanao atakuwa amekwisha kukusomea dua na mashtaka kwa pamoja, na mimi nataka ulisikie kwangu. Ulisema kuku wako wote wachinjwe siku ya arubaini yako, watu wale, wakuombee. Hawakuchinjwa. Hakuna aliyeonja hata bawa. Watu walisoma hitima, wakala wali na mbaazi za nazi na samaki wa kupaka, wakaenda zao, na mpaka leo mji mzima wa Pate unaiita hitima ya mbaazi.

Siombi msamaha. Nimekaa hapa uani nikuandikie sababu. Ukishazisikia zote, ukasirike kama bado una hamu ya kukasirika.

Nilikuita Mama miaka kumi na saba. Athman aliponileta kutoka Siyu nilikuwa simjui kuku ila kwenye sahani. Kwetu tulifuga mbuzi. Siku ya kwanza uliniona nimemshika tetea kwa bawa moja, naye anapiga kelele nyumba nzima, ukamwambia mwanao mbele yangu kwamba ameleta mke lakini hakuleta mtu. Niliumia wiki nzima. Kisha ukanifundisha. Ulinifundisha kumulika yai kwa tochi nione kama lina kitu, kumpaka jogoo mafuta ya nazi miguuni akiota magamba, kumwekea koo mayai ya bata ayalalie bila yeye kujua kuwa analea wana wa mwingine. Wakaza wana wengine huishi na mavyaa zao kwa kununiana. Sisi tuligombana kila siku ya Mungu kwa sababu ya kuku, na kwa kuku hao hao tukapendana. Nakukosa mpaka kifua kinaniuma, nami sioni haya kusema hivyo.

Lakini nitakwambia na lile ambalo sikuwahi kukwambia usoni.

Ulikuwa na fahari moja kubwa. "Nyumbani kwangu hakufi kuku," ulipenda kusema, na kweli hakufa. Kuku akifa mwenyewe ni nyamafu, haliki, ni hasara na ni aibu ya mwanamke asiyeangalia mali yake. Basi ulikuwa ukimwona kuku ameinamisha kichwa, mabawa yameshuka, unaacha lolote lililo mkononi. "Ndoo upesi, hayafa!" uliita, mtu aje kabla kuku hajafa. Sauti yako ilifika mpaka msikitini. Mwanamume yeyote aliyekuwa akipita ndia ile alitiwa kisu mkononi, hata mgeni, hata yule fundi wa paa aliyeshuka na simenti kwenye nywele. Bismillahi, kisu, na wewe umekwisha kukaa na maji ya moto unanyonyoa. Mchuzi ulikuwa tayari kabla ya adhuhuri, na bakuli zilikwenda kwa jirani wa kulia, wa kushoto, na kwa yule bibi kipofu wa nyuma. Watu walikusifu kwa hilo. Na mimi nilikusifu.

Na hilo ndilo kosa letu, Mama. Kila kuku alivyozidi kuumwa ndivyo tulivyozidi kumkimbilia na kutia mikono yetu kwenye damu yake. Kuku mzima tulimwacha atembee. Mgonjwa tulimkumbatia, tukamchinja, tukamnyonyoa jikoni watoto wamekaa pembeni wakirusha manyoya, tukampasua, tukatupa matumbo pale ufukweni ambapo bata wako sita walikuwa wakienda kuyadonoa.

Wale bata! Hilo nalo tuligombana. Unamkumbuka yule daktari wa mifugo, msichana wa bara, aliyekuja kuchanja mbuzi? Alisimama pale uwanjani na buti zake akatueleza habari za homa ya ndege. Alisema ndege wa porini wanaotoka mbali huibeba, na hawaonekani wagonjwa. Bata nao wanaweza kuibeba huku wananenepa. Wanakutana kwenye matope, wanakunywa maji mamoja, kisha bata anarudi nyumbani na kulala na kuku. Kuku ndiye anayekufa. Na mtu anayemshika kuku huyo, mara chache, si kila mara, lakini mara chache hupata homa na kifua, na wengine hawainuki. Uliniegemea ukaninong'oneza kwamba msichana mwenyewe hajaolewa, ameyajulia wapi ya kuku. Nilicheka. Nikarudi nyumbani, maji yametoka, nikawaona bata wetu katika matope chini ya mikoko, wamechanganyika na vitwitwi na korongo, nikaacha kucheka. Nilikuomba tuwafungie. Ulisema bata asiyeona tope ni mfungwa, na wewe hufugi wafungwa.

Sikusisitiza. Wewe ulikuwa mwenye nyumba na mimi mkaza mwana, na mkaza mwana hasisitizi mara mbili.

Kisha ulitoka gatini na wale kuku wawili weupe. Ulifurahi nao. Walikuwa wamesafiri kwenye boti ndani ya tenga moja na kuku wa watu wengine, sijui wametoka wapi, na yule aliyekuuzia naye hakujua. Ukawafungulia moja kwa moja kwenye banda letu. Hata saa moja hukuwatenga. Siku ya tano mmoja akaanza kukoroma, kilemba chake kikawa na rangi ya zambarau. Siku tatu zilizofuata tulichinja kuku kumi na mmoja. Nasema tulichinja, lakini wewe ndiwe uliyewanyonyoa wote, maana mimi nilikuwa na kidonda kidoleni ukanikataza nisitie mkono kwenye maji ya moto. Kila nikioga naitazama alama ya kidonda kile.

Ulipoanza kutetemeka ulisema ni upepo. Ulipoanza kukohoa ulisema ni moshi. Tulipokupeleka zahanati, na muuguzi akauliza kama nyumbani kuna lolote jipya, mgeni, safari, mnyama aliyeumwa, nilifungua mdomo. Ulinifinya mkono chini ya buibui. Ulifinya kwa nguvu, wewe uliyekuwa huwezi hata kushika kikombe. Tulipotoka nje ukaniambia, "Usinitie aibu kwa mambo ya kuku." Bakuli zako zilikuwa zimekwisha kufika nyumba saba. Ulijua zikitajwa, majirani watasema Bi Mwanamkuu ametulisha maradhi.

Nikanyamaza. Muuguzi aliuliza, nami nikanyamaza. Aliandika alichoambiwa, akatoa dawa ya alichoambiwa. Simlaumu hata kidogo.

Siku ya nne tulikuvusha Amu, siku ya sita ukatutoka, kwa Zubeda, mtaa wa Mkomani, kwenye kile chumba cha juu chenye dirisha dogo. Uliitoa kauli ya kuku asubuhi hiyo, tukiwa tumekushika mkono, Athman upande huu, Zubeda upande ule, mimi miguuni. Wachinjwe wote. Wasiuzwe, wasigawanywe, wachinjwe watu wale. Zubeda alilia akaapa. Athman akaapa. Mimi nilikuwa nikikukanda miguu, nikasema inshallah.

Inshallah niliisema kwa moyo mweupe, jua hivyo. Waliobaki bandani walikuwa wazima siku ile.

Ila unavyojua msiba wa mtu aliyependwa. Watu walikuja kutoka kila mahali, na kila aliyekuja alikuja na ubani wake wa rambirambi mkononi. Chundwa walileta kuku. Siyu kwetu walileta kuku. Wengine walileta kutoka bara, miguu imefungwa kwa kamba za mgomba. Wote tukawatia banda moja na wako, kwa heshima yako, maana nani angesema ubani utengwe? Nilimwona Zubeda akiwahesabu kwa furaha. Mimi pia niliwatupia mtama, tena nikafikiri, Mama angeliona banda hili leo angesahau kufa.

Zilipobaki siku mbili kufika arubaini, nikaenda kufungua banda. Watatu walikuwa chini. Jogoo wa Chundwa shingo imepinda, anazunguka. Kinyesi cha kijani kila mahali. Wengine walikuwa wamesimama wamevimba macho. Na mimi hapo hapo, wallahi, miguu yangu mwenyewe ilianza kwenda jikoni kutafuta kisu. Miaka kumi na saba ulinifundisha vizuri. Nilifika mlangoni nikakumbuka mkono wako chini ya buibui, nikarudi. Nikalifunga banda kwa kufuli ya sanduku langu la nguo. Nikampigia yule msichana wa bara.

Zubeda alikuwa amewasili na boti ya asubuhi. Aliposikia alikuja mbio na Athman nyuma yake, na Athman ana kisu. Wazima wachinjwe sasa hivi, alisema Zubeda, na wagonjwa vile vile kabla hawajafa, na watakaozidi atawapeleka Amu kwenye matenga wakaliwe na jamaa. "Mama alinena watindwe! We ni nani wa kumkhalifu mama?" Jirani wote walikuwa wamesimama juu ya kuta za magofu wakitazama. Hakuna sinema Pate, ilibidi watazame.

Nilikaa kwenye mlango wa banda, juu ya jiwe, nikakunja miguu. Nilisema hatoki kuku hapa, hai wala mfu. Aliniita mchawi. Aliniita mbaya wa mayiti. Alisema nilikuwa nikikuchukia toka siku ya kwanza, na hapo nililia, Mama, kwa sababu uwongo huo uliniuma kuliko yote, lakini nililia nimekaa. Walimleta mwalimu wa msikiti. Alisikiliza, akashika ndevu, akasema wasia haumlazimishi mtu kuwadhuru watu. Zubeda akamwambia mwalimu naye amekwisha kulishwa.

Athman ndiye aliyenipa taabu. Alisimama mbele yangu na kile kisu, mwanao, mtu mpole, macho mekundu. Aliniuliza neno moja tu, "Saida, una hakika?" Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia sina hakika. Nikamwambia ndiyo maana sitoki. Siku ile zahanati pia sikuwa na hakika, nikanyamaza kwa sababu sikuwa na hakika, na leo tunasoma hitima. Hakuwa ameijua habari ya zahanati. Nilimweleza pale pale, mbele ya dada yake na mbele ya kuta zote zile zenye masikio. Nilikutia aibu niliyokatazwa nisikutie. Alikaa kitako kwenye mchanga. Kisu alikichomeka ardhini, akainuka akaenda kutafuta mbaazi.

Yule daktari alifika baada ya alasiri na kisanduku chake cha barafu. Alivaa mavazi meupe mpaka usoni, watoto wakakimbia. Alitia vijiti vya pamba vinywani mwa kuku na nyuma, akavifungia. Nilimuuliza ni ile? Akaniambia, "Kwa macho siwezi jua. Hakuna mtu anaweza jua kwa macho, mama." Neno hilo nililipenda. Sijawahi kusikia mtu wa serikali akisema hajui mbele ya watu wengi hivyo.

Alituachia masharti: pasitoke wala kuingia kuku, asiguse mtu mikono mitupu, viatu vya bandani vibaki bandani. Waliokufa tuliwazika, Athman na mimi, mifuko ya plastiki mikononi, leso zimefungwa puani, katika shimo la kimo cha mtu nyuma ya gofu, tukamwaga chokaa juu. Nyamafu, Mama. Nyumbani kwako. Wengi kiasi kwamba niliacha kuwatazama. Niliwalilia wale wako niliowajua kwa majina, na juu ya kaburi lao nikakuomba usinielewe vibaya.

Siku ya hitima ikafika, mbaazi zikafika. Zubeda hakula.

Majibu yalirudi baada ya wiki mbili. Simu iliita nikiwa nafua. Ilikuwa mdondo. Si homa ya ndege. Mdondo ule ule tunaoujua sote, unaofyeka kuku na hauui watu.

Hapo sasa ndipo watu walipocheka. Baraza zote zilinicheka. Mtoto mmoja alinifuata mpaka kisimani akikohoa kama kuku. Zubeda alinipigia kutoka Mkomani kwa ajili ya kuniambia tu kwamba mamake amekhalifiwa kwa ajili ya mdondo, kwamba watu wangekula na wasingedhurika, kwamba na wale kuku wa kwanza walikuwa na mdondo pia, na mamake alikufa kwa kuwa siku yake ilifika. Huenda ni kweli. Nilimwambia huenda. Nikamuuliza, nani aliwapima wale wa kwanza? Nani alikipima kifua cha Mama? Akakata simu.

Maana hilo ndilo linalonikereketa, nami sitalificha. Kuku wa ubani walipata jibu. Walipelekwa Nairobi kwenye barafu, wakatazamwa na wasomi, wakarudishiwa jina la maradhi yao. Wewe uliyenilea hukupata jibu. Uliandikiwa homa ya mapafu na tukakuzika nayo, na mimi niliyekuwa na maneno mawili ya kumwambia muuguzi niliyameza. Sitasema waliokuua ni kuku. Sitasema pia si wao. Sijui, na nitakaa na kutojua huko mpaka nami niletwe huko uliko. Ila wanaonicheka wajue hivi: ningerudi asubuhi ile, na kuku wale wale, na mdondo ule ule, ningekaa kwenye jiwe lile lile. Ingekuwa mafua ya kuku tu ningekaa. Nilichokataa ni kubahatisha kwa roho za watu ili nisionekane mkaidi.

Nyumba imebadilika. Ungepita usingeijua. Banda limehamia kule kwenye gofu la pili, mbali na jiko, lina mlango, lina wavu wa nyavu kuukuu juu ili ndege wa angani wasishuke kula mtama. Kuku mgeni akija, awe amenunuliwa au ni zawadi ya sharifu, anakaa peke yake wiki mbili. Mwanzo watu walinuna kuona zawadi zao zimefungiwa. Sasa wanaleta sukari. Nuru binti yetu hachukui tena vifaranga kitandani. Alilia, nikamwacha alie. Sabuni iko mlangoni. Bata nimewafunga, ndiyo, wafungwa, na wananitazama vibaya kama ulivyokuwa ukinitazama wewe. Wawili wametaga.

Kuku anayeumwa kwangu hachinjwi. Anafia pembeni peke yake, na ninawaambia watu, amekufa. Wanawake wawili wa mtaa huu wamekuja kunong'ona kwangu kwamba nao wana kuku waliokufa, wafanyeje. Wanakuja wamejifunika kana kwamba wanakuja kwa mganga. Ninawajibu kwa sauti kubwa makusudi.

Na sasa nikupe lililotokea Jumatatu ya wiki tatu zilizopita, kwa maana ndilo lililonikalisha kuandika.

Zubeda alikuja kukuzuru kaburini. Hakukaa kwangu, alifikia kwa shangazi yake. Siku ya pili akashikwa na homa na kikohozi, shangazi akaniita, nikaenda. Nilimpeleka zahanati nikiwa nimejiandaa kabisa, nimeshapanga maneno yangu kichwani, na nimekaa mbali kidogo asinifikie. Muuguzi akauliza lile swali, nyumbani kuna lolote. Kabla sijafungua mdomo, Zubeda akainua kichwa akasema, foleni nzima ikisikia, "Kwangu Mkomani wamekufa kuku wanne, na wa tano ni mimi niliyemnyonyoa." Watu walisogea kwenye benchi. Aliwatazama mmoja mmoja mpaka wakainamisha macho. Ungejivunia jicho lile, lilikuwa lako. Muuguzi akavaa barakoa, akamtoa kwenye foleni, akatia kijiti puani, akampigia simu mtu wa mifugo wa Amu.

Ikawa mafua ya kawaida. Amepona. Tulipokuwa tukitoka zahanati siku ile aliniambia hitima ya mbaazi hajanisamehe na hatanisamehe. Nikamwambia asisamehe. Tulishikana mikono mpaka nyumbani.

Basi lala, Mama. Mungu akupanulie kaburi lako, akulipe kila bakuli uliyowapelekea watu kwa nia njema, kwa maana nia yako naishuhudia mbele ya yeyote. Dua yako siiachi. Kuku wako siwaachi. Na ahadi ninayokupa, ikupendeze au isikupendeze, ni hii: atakayekohoa katika nyumba hii, awe Athman, awe Nuru, niwe mimi mwenyewe, nikifika mbele ya muuguzi nitataja kuku kwanza, kisha ndipo nitaje jina la mgonjwa.

Mkaza mwana wako,
Saida